YAI LA ASUBUHI: CHAKULA AWEZACHO KUPIKA MTOTO MWENYEWE



Mwezi wa Januari katika nchi yetu ya Songea ni mwezi wa magugu. Mvua zilizoanza mwishoni mwa Novemba zimekwisha kuotesha mahindi, na pamoja na mahindi zimeotesha kila jani usilolitaka. Kwa hiyo wewe na mwenzi wako hutoka nyumbani alfajiri, majembe begani, kabla jua halijapanda. Hilo si kosa, maana palizi haimngoji mtu. Lakini mwezi huo huo wa Januari ndio shule zinapofunguliwa, na mtoto wako huamka akakuta nyumba kimya, mafiga yamepoa, sufuria ya jana imekwisha kuoshwa. Hunywa maji, akashika njia.

Leo nataka tuzungumze juu ya mtoto huyo, na juu ya yai.

NILIYOYAONA KATIKA NYUMBA MOJA

Asubuhi moja nilikuwa nikipita katika kijiji kimoja upande wa Peramiho, nikitazama mashamba ya watu niliokuwa nimewaonyesha kupanda kwa mistari. Nilipiga hodi katika nyumba moja, nikaitikiwa na sauti ndogo. Msichana wa miaka 9 hivi alikuwa ameketi jikoni, mdogo wake amelala mapajani pake.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Wazee wako wapi?”

“Wamekwenda shamba.”

“Na shule je?”

“Mdogo wangu alikuwa akilia njaa. Nimeshindwa kumwacha.”

Nyuma ya mlango palikuwa na kikapu kilichofunikwa kwa majani ya mgomba. Ndani yake, juu ya pumba, yalikuwamo mayai 14, yakingoja siku ya kupelekwa sokoni Songea mjini. Msichana yule angeweza kukifikia kikapu kile bila hata kuinuka. Nilimwuliza kama ajua kupika yai. Akacheka, akauficha uso wake. “Sisi hatuli mayai, baba. Ni ya kuuza.”

Sikumlaumu mama yake, wala wewe usimlaumu. Mayai yale ndiyo yaliyonunua chumvi, sabuni na daftari la shule. Lakini nilipokuwa nikienda zangu nilijiuliza: daftari litamfaa nini mtoto anayelilalia saa nne ya asubuhi kwa sababu ya njaa?

NCHI YA MAHINDI NA WATOTO WALIODUMAA

Twajua sote kwamba mkoa wa Ruvuma ni mmoja wa mikoa inayoilisha Tanzania. Ukipita Ruhuwiko wakati wa mavuno utaona magari yaliyojaa magunia yakingoja zamu mbele ya maghala ya akiba ya taifa. Hapana mtu awezaye kusema kwamba Songea hakuna chakula. Walakini utafiti wa taifa wa afya uliofanywa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa mkoa wetu walio chini ya miaka 5, karibu 36 wamedumaa, yaani kimo chao ni pungufu kuliko umri wao. Kwa nchi nzima walikuwa 30 katika 100. Basi sisi tunaolisha wengine tumewapita wengine kwa watoto waliodumaa.

Sababu zake ni nyingi: maradhi ya kuhara, maji machafu, kazi nyingi za mama mjamzito, na mengine. Lakini moja iko mezani petu. Mtoto hula ugali asubuhi uliobaki jana, ugali mchana, na ugali jioni. Ugali hushibisha tumbo na kutia nguvu ya kulima, lakini peke yake haujengi mwili vema. Nyumba haijengwi kwa udongo mtupu, yataka miti. Na miti ya mwili wa mtoto ni vyakula kama maharagwe, karanga, samaki, maziwa, nyama na mayai.

Yai la kuku wa kienyeji lina uzito wa gramu 40 hivi, na ndani yake mna protini kadiri ya gramu 5, iliyo bora na nyepesi kutumiwa na mwili. Katika kiini chake mna mafuta, vitamini A isaidiayo macho, na vitu vingine vinavyotakiwa na damu na ubongo. Sijui chakula kingine kizuri kama hicho ambacho hukaa uani kwako bila kuomba shamba wala mbolea.

Lakini sitaki kukudanganya kwamba yai ni dawa. Katika nchi ya Ekuador, Amerika ya Kusini, watoto wachanga walipewa yai moja kila siku kwa miezi 6, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliodumaa walipungua karibu nusu wakilinganishwa na wenzao. Jambo hilo hilo lilijaribiwa karibu nasi, wilaya ya Mangochi katika Malawi, na matokeo ya mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti kubwa ya kimo. Watoto wengi wa kule walikuwa tayari wakila samaki wa ziwani. Fundisho lake ni hili: yai humfaa zaidi mtoto asiyepata samaki wala nyama wala maziwa. Je, mtoto wako yuko upande gani?

MANENO YA WAZEE JUU YA MAYAI

Katika sehemu nyingi za nchi yetu husemwa kwamba mtoto akizoea kula mayai atakuwa mwizi, na kwamba mama mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Mimi siwacheki wazee waliosema hivyo. Mayai yalikuwa machache, na kila yai lililoliwa lilikuwa kifaranga kilichopotea. Mtoto aliyekwisha kuonja utamu wake angevizia kiota kila siku, na ndiyo maana wakamwita mwizi kabla hajaiba. Neno hilo lilikuwa ua la kulinda kiota.

Lakini mtoto anayepewa yai lake kwa mkono wa mama, katika siku inayojulikana, hana sababu ya kuvizia kiota. Aibaye ni yule anayeyaona kila siku wala hapewi. Na juu ya mama mjamzito, yai lililoiva vema ni chakula chake chema. Nywele za mtoto hazimo katika habari hiyo.

HESABU YA KUKU

Sasa utaniuliza: “Bwana Shamba, nikiwapa watoto mayai, vifaranga vitatoka wapi, na chumvi nitanunua kwa nini?” Swali hilo ni la haki. Tuhesabu.

Tetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, ndipo hutaka kuatamia. Kwa mwaka hufanya hivyo mara 3 hivi. Tuseme mayai 12 kila mara: basi tetea mmoja hukupa mayai 36 kwa mwaka, na matetea 8 hukupa 288. Kila tetea mwachie mayai 10 aatamie mara moja kwa mwaka. Hayo ni 80. Yanabaki 208. Mwaka una juma 52. Ukiwa na watoto 2, kila mmoja akala mayai 2 kwa juma, watatumia mayai 208 kamili. Mayai hayaji kwa idadi ileile kila mwezi, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Na fedha je? Fedha ziko katika yale mayai 80 yanayoatamiwa. Usiuze yai, uuze kuku. Nusu ya mayai hayo ikitoa kuku wanaokua, utakuwa na kuku 40 wa kuuza na wa kuongeza kundi, na bei ya kuku mmoja hupita bei ya mayai mengi.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Yai la kutotoa lisizidi siku 10 tangu kutagwa. Likizeeka halianguliwi vizuri. Basi tetea atagapo mayai 15, yale ya kwanza yamekwisha kuchakaa siku aanzapo kuatamia. Yaandike kwa mkaa siku ya kutagwa. Ya kwanza yatoe uwape watoto, ya mwisho 10 mwachie mama yao. Ila usiondoe yote kwa mara moja. Siku zote acha yai moja lenye alama katika kiota, ili tetea asikihame. Hivyo mtoto hula wala kifaranga hakipungui.

Hesabu hii yote huharibiwa na adui mmoja, naye ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ukiingia kijijini waweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Hauna dawa, una chanjo. Chanjo ile istahimiliyo joto hutiwa tone moja katika jicho la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, kila baada ya miezi 3. Kubalianeni majirani mchanje siku moja, maana chupa moja hutosha kuku wengi. Kadhalika walaze kuku katika banda lililoinuliwa juu, ili kicheche asipate mlango.

KOSA LANGU MWENYEWE

Kabla ya kukuonyesha namna ya kupika, sharti niungame jambo. Mwanangu alipokuwa na miaka 8 nilimwambia, “Wewe sasa mkubwa, jipikie yai uende shule.” Nilisema hivyo nikiwa mlangoni, nikaenda zangu kazini. Mtoto alipika vizuri, ila hakujua kuimwaga sufuria ya maji ya moto. Aliinua sufuria kwa kitambaa kibichi, joto likapenya, akaiachia, na maji yakamwunguza mguu. Kovu analo mpaka leo. Kosa halikuwa lake. Nilikuwa nimemwamuru, sikumfundisha. Shamba silitendi hivyo: mtu nikimpa mbegu humwonyesha na nafasi ya mashimo. Mtoto wangu nilimpa moto bila ya somo.

Kwa hiyo masharti ni haya:

1. Mtoto apikaye awe na miaka 9 au zaidi, na awe amepika mara 3 mbele yako wewe ukimtazama bila kumsaidia.

2. Awepo mtu mzima wa kuitwa, bibi au jirani, asikiaye sauti yake.

3. Moto umwachie wewe: funika makaa kwa majivu, aje ayafukue. Mafuta ya taa asiyaguse kabisa.

4. Asipike amembeba mtoto mgongoni. Mdogo aketishwe mkekani, hatua 5 mbali na mafiga. Nguo isining'inie.

5. Akiungua, amwagie maji baridi safi papo hapo, kwa muda wa dakika 20, kisha aite mtu. Asipake majivu, wala mafuta, wala dawa ya meno. Malengelenge yakitokea, apelekwe zahanati.

SOMO LA KWANZA: YAI NA KIAZI KATIKA SUFURIA MOJA

Msomee mtoto maneno haya polepole, mara mbili, mkiwa jikoni.

Mwanangu, nawa mikono kwa sabuni. Chukua yai 1 lako na yai 1 la mdogo wako, na viazi vitamu 2. Tia mayai katika bakuli la maji baridi. Yai lililolala chini kwa ubavu ni jipya. Lililosimama kwa ncha ni la siku nyingi. Tumia hilo kwanza. Liloelea, tupa mbali, usilipasue ndani ya nyumba. Kisha sugua mayai yale safi kwa mkono, maana ganda hutoka na uchafu wa kiota.

Menya viazi, uvikate vipande vya unene wa kidole gumba chako. Panga vipande ndani ya sufuria, weka mayai juu yake taratibu kwa upawa, tia maji ya baridi mpaka yafunike yai kwa pingili moja ya kidole. Tia chumvi kidogo. Funika. Sasa teleka sufuria juu ya mafiga, uhakikishe haiyumbi, ndipo uchochee moto.

Maji yakianza kutokota, punguza kuni. Huna saa? Huna haja nayo. Kiazi ndicho saa yako. Chukua kijiti kilichooshwa, uchome kipande cha kiazi. Kikigoma, ngoja. Kikipenya mpaka katikati bila kugoma, kiazi kimeiva na yai limeiva pia.

Sikiliza sana hapa: usiinue sufuria wala usimwage maji. Ondoa kuni na makaa chini yake. Toa mayai kwa upawa, moja moja, uyatie katika bakuli la maji baridi. Toa na viazi vivyo hivyo. Maji ya moto yaache palepale yapoe yenyewe. Yai likipoa, ligonge, limenye, ulikate mbili. Kiini kiwe kigumu. Kikiwa cha majimaji, usile, lirudishe katika maji ya moto na uchochee tena. Kula yai na kiazi chako, mpe mdogo wako vyake, kisha osha vyombo uende shule.

Hapo ndipo mwisho wa somo la mtoto. Nawe mzazi, ujue sababu mbili. Kwanza, yai bichi au lenye kiini cha majimaji laweza kuwa na vijidudu vinavyoleta kuhara na homa, moto huviua. Pili, Songea iko juu kuliko pwani, kwa hiyo maji yetu hutokota yakiwa na joto la digrii 96 hivi, wala hayafiki 100. Katika milima ya Umatengo joto hilo hushuka zaidi. Ndiyo maana yai hapa lataka kungojewa kidogo kuliko Lindi au Mtwara, na ndiyo maana nakushauri utumie kiazi: kiazi nacho huivia katika maji hayohayo, hakidanganyi.

Viazi visipokuwapo, mihogo mitamu hufaa, au ugali wa jana uliopashwa moto vizuri.

SOMO LA PILI: YAI KATIKA UJI

Hili ni kwa mtoto aliyekwisha kuwa hodari, na hufaa sana kwa nyumba yenye mtoto mdogo asiyetafuna vema. Uji wa ulezi au wa mahindi ukiisha kutokota, piga yai 1 katika kikombe mpaka njano na nyeupe zichanganyike. Limimine katika uji kidogo kidogo, huku ukikoroga bila kuacha. Uache uji utokote tena kadiri ya dakika 5, ukiendelea kukoroga. Uji utakuwa mzito na rangi yake itapendeza. Watoto wengi hawatambui kwamba mna yai.

Ila angalia: wako watoto wachache ambao wakila yai huvimba midomo au hutokwa na vipele. Huyo usimpe tena, umwulize mganga wa zahanati.

Maganda usiyatupe. Yakaushe juani, yakaange kidogo, yaponde mpaka yawe kama chenga za mahindi, uwarudishie kuku. Humpa tetea chokaa ya kutengeneza ganda jingine. Lakini usimpe ganda zima, asije akajifunza kula mayai yake mwenyewe.

NENO LA MWISHO

Nilirudi katika nyumba ile ya Peramiho baada ya mavuno. Mama alikuwapo. Nyuma ya mlango kikapu kilikuwa palepale, na ndani yake mayai 11. Manne yalikuwa na alama ya mkaa. “Hayo ya watoto,” akasema. Nilimwuliza kama hasara ni kubwa. Akafikiri. “Mwezi wa kwanza chumvi ilinisumbua, Bwana Shamba. Halafu niliuza jogoo mmoja.” Msichana hakuwapo, ilikuwa siku ya shule.

Basi, ndugu mkulima, nakuomba uanze jioni ya leo kabla ya kulala. Toa mayai katika kiota, uandike siku kwa mkaa, ukiache kimoja na alama yake. Weka viazi viwili karibu na mafiga. Funika makaa kwa majivu. Na Jumamosi hii, mtoto asipokwenda shule, keti naye jikoni, umwangalie apike. Samaki mkunje angali mbichi. Majembe yatangoja saa moja, na saa hiyo itakulipa kila asubuhi ya palizi.